Jina Lisilokauka Ubaoni

Vijana wangu, juzi nilikuwa kwa kinyozi pale karibu na stendi nikisubiri zamu yangu, nikawasikia mnavyobishana. Mmoja anasema wale mastaa wa Marekani waliohama timu zao wakakusanyana sehemu moja ili wabebe ubingwa walitumia akili. Mwingine anasema ubingwa wa namna ile hauhesabiki, hata mtu akivaa pete ya ubingwa kila kidole. Mkapandishiana sauti mpaka kinyozi akamkwaruza mteja sikio. Halafu mmoja wenu, jina nalihifadhi, akasema msimu ujao na sisi tufanye hivyo hivyo: tumchukue yule wa Vwawa, tumchukue yule mrefu wa Kamsamba, tuchanganye na wetu wa Tunduma, nani atatuweza?

Nywele zenyewe nilizozipeleka kunyolewa ni chache, nikaona bora niondoke nazo. Nimekaa hapa nyumbani nawaandikia, kwa sababu nilichotaka kusema hakisemeki kwa kinyozi.

Wengi mnaniita Mzee Rangi na hamjui jina langu lingine, na sina kinyongo. Kwa miaka thelathini na moja nilitunza uwanja wa basketi wa pale mjini. Nilifagia, nilichora mistari, nilisuka nyavu, nilipaka ringi kutu isizile. Kikapu chochote mlichofunga pale kimepita kwenye uzi wa mkono wangu, kwa hiyo mkinikuta barabarani salimieni vizuri.

Kazi ile ina mambo yake. Mistari haipakwi kiangazi, maana malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde yanatimua vumbi mchana kutwa, na rangi mbichi inalilamba lote. Subiri mvua ya kwanza, uwanja ukauke nusu siku, ndipo upake. Nyavu usinunue za dukani, zinaoza. Tafuta uzi wa nailoni wa wavuvi, ule unaoletwa na watu wa Kamsamba kutoka upande wa Rukwa, usuke fundo mbili mbili. Na kamba ya kupimia isiwe ya katani. Mwaka wangu wa kwanza nilipima mstari wa mitupo huru kwa kamba ya katani iliyolowa. Kamba ilikuwa imejivuta, mstari ukakaa mbali na ringi kwa karibu urefu wa mguu. Msimu mzima watu wakakosa mitupo huru. Wachezaji wakubwa wakaenda kuombewa kanisani. Mimi mwenyewe nilichanga sadaka tuombe pamoja, bila kujua ubaya ni wangu.

Aliyegundua ni bwana mkubwa wangu, Mzee Sinkala, Mnamwanga mmoja mkavu aliyetunza uwanja kabla yangu na kunifundisha kila kitu. Alipima kwa hatua zake, akasimama kwenye mstari wangu, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Akanichukua mpaka kwenye ubao.

Ubao mnaujua. Ule wa mninga, uliopigiliwa chini ya paa la stoo, wenye majina ya mabingwa. Kila msimu una jina la timu, na pembeni jina moja la mtu, lile analoitwa uwanjani, basi. Ninyi mnadhani huyo mtu alichaguliwa na kamati au na mwalimu wa timu. Hapana. Hiyo desturi ni ya pale kwetu tu, sijaisikia kwingine. Fainali ikiisha, kabla hajavua hata raba, nahodha wa timu iliyofungwa anakuja ubaoni. Mtunza uwanja amesimama na penseli. Anamuuliza, "Nani aliyewafunga?" Yule anataja jina moja la adui yake. Linaandikwa hilo.

"Wewe mstari umeukosea, nitaufuta," Mzee Sinkala aliniambia siku ile. "Ila hapa usikosee. Hapa wewe huandiki. Anayeandika ni aliyefungwa, wewe unamshikia burashi. Asipotaja, acha wazi."

"Anaweza asitaje?"

"Anaweza."

Nilimuuliza inakuwaje akiandikwa mtu ambaye hakutajwa na aliyefungwa. Alienda kuosha mikono, na ilikuwa safi.

Rangi ya majina ilikuwa nyekundu ya mafuta, na nilipaka mara tatu, moja juu ya nyingine, hadi herufi ziinuke. Ukifumba macho ukapitisha kidole, unasoma. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa Amani. Ninyi mmezaliwa yeye akiwa tayari anachechemea, kwa hiyo mnamwona kama fundi baiskeli wa Ihanda tu. Amani alikuwa mchezaji bora niliyewahi kumwona kwa macho haya. Alichezea kwao Ihanda, timu ya watoto wa wakulima wa kahawa, wenye moyo mkubwa na pumzi fupi. Yeye ndiye aliyewabeba. Aliwafikisha fainali mara nne, na mara nne akafungwa. Na kwa sababu alikuwa nahodha, mara nne alikuja ubaoni jasho likimtiririka na kunitajia jina la mwingine. Hakuwahi kununa. Mara ya nne tu ndiyo aliniuliza, "Mzee, hivi langu utaliandika lini?"

"Siku utakaponiletea mtu wa kulitaja," nikamwambia.

Siku za Jumamosi alikuwa anafika Tunduma na gari la kwanza la nyanya, kabla ya saa moja asubuhi, afanye mazoezi peke yake kabla ya mechi. Miezi ya baridi ukungu unakuwa mzito pale, huoni ringi ukiwa katikati ya uwanja. Lakini nilijua ni yeye, kwa sauti. Alikuwa anadunda mpira mara tatu, ananyamaza kidogo, anatupa. Du, du, du. Kimya. Halafu nyavu zangu zinapigwa, chwaa. Nilikuwa nafagia kwa mpigo wake, sikuhitaji redio.

Kilichomsukuma ni mama yake. Mama Amani alikuwa anakuja kila fainali, anakaa upande wa ubao, amejifunga kitenge hadi kifuani kwa sababu ya upepo. Macho yake yalikuwa yanapoteza nuru taratibu. Alijifunza kusoma ukubwani, madarasa ya ngumbaro, na alijivunia sana. Baada ya kila fainali aliomba ashikwe mkono apelekwe ubaoni, apapase majina ya wengine, asome kwa sauti silabi moja moja. Kisha anamwambia mwanawe, "Haya, nimesoma ya wenzio. Na mimi nataka la kwangu." Alisema kwa utani. Amani alikuwa hacheki.

Basi akatokea bosi mmoja wa wakala wa forodha, akaunda timu akaiita Mpakani. Akamchukua Masanja, Msukuma mrefu wa Kamsamba wa enzi zile, aliyekuwa akicheza akiwa ametoka kuswaga ng'ombe. Akamchukua Chanda wa Nakonde, ng'ambo, mkono wa kushoto wenye pasi usizoziona zinatoka wapi. Wote wawili walikuwa wamewahi kumfunga Amani, na majina yao yapo ubaoni. Kisha akaenda Ihanda kumfuata Amani mwenyewe.

Mimi nilikuwepo Amani alipomuaga Lameck. Lameck ndiye aliyempa pasi tangu shule ya msingi, kijana mfupi wa mashine ya kukoboa kahawa. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya stoo yangu.

"Mama anabakiza macho ya mwaka mmoja, labda," Amani alisema. "Na goti hili unalijua. Wewe ungefanyaje?"

"Ningekaa," Lameck akajibu.

"Ungekaa kwa sababu hakuna anayekuita."

Lameck alitikisa kichwa kukubali, bila hasira. "Ni kweli. Sasa nenda, usichelewe gari."

Nisiwadanganye, na mimi nilifurahi. Nilijiambia, wachezaji watatu bora wa mkoa kwenye uwanja wangu kila Jumamosi, mtunza uwanja anataka nini zaidi? Nikasuka nyavu mpya.

Mechi ya kwanza watu walijaa hadi juu ya paa la stoo. Ya pili wakajaa. Ila kuanzia ya tatu nikaona jambo ambalo sikulipenda. Watu walikuwa wanakuja, wanajaa, wanakaa, na hawapigi kelele. Hawakuwa wamechukia. Kikapu kinaingia, wanatazama. Nikawa nasikia raba zinavyolia kwenye saruji, nasikia hata uzi wa nyavu unavyojikunjua. Kwa umri wangu wote wa kazi sikuwa nimewahi kuusikia uzi ule uwanja ukiwa umejaa watu. Mama mmoja muuza karanga, ambaye mechi zote alikuwa anatukana waamuzi, aliniinamia akaninong'oneza, "Mzee, hapa kuna msiba?"

Chanda mwenyewe aliliona. Alinijia wakati wa mapumziko, akanisalimia kwa lugha ya kwao kama kawaida, "Mulishani, bashikulu," yaani hujambo babu, kisha akaangalia watu. "Mbona wanatutazama hivi? Tunashinda kwa pointi thelathini."

"Labda ndiyo sababu," nikasema.

"Ubingwa ni ubingwa, bashikulu."

"Ni kweli."

Na Jumamosi moja ya ukungu, nikiwa nafagia, nikasikia. Du, du, du. Kimya. Chwaa.

Nikaita, "Amani! Umekuja mapema leo." Alikuwa ameacha mazoezi ya asubuhi tangu ahamie Mpakani. Alisema siku hizi wako watatu, hana haja ya kujiua. Kwa hiyo nikafurahi kumsikia. Hakuitika. Nikaendelea kufagia, nikijua akimaliza atakuja kuniomba maji. Zikapigwa kama ishirini, na kila moja ikaingia. Nikaacha ufagio nikamfuata.

Uwanja ulikuwa mtupu. Nyavu zilikuwa zinayumba, na hapakuwa na upepo. Sakafu yote ilikuwa imelowa umande, inang'aa, isipokuwa kwenye mstari wa mitupo huru. Pale palikuwa na alama mbili kavu za raba, ya kulia imegeuza kidole ndani, vile Amani anavyosimama. Hapakuwa na alama za kufika wala za kuondoka. Nilisimama nikizitazama hadi umande ukazifunika. Nikarudi stoo nikafunga mlango kwa ndani, mtu mzima mimi, saa moja na nusu asubuhi.

Baadaye siku ile nikapata habari kwamba Amani alilala kwa rafiki zake Nakonde, akaamka saa tatu.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wangesema thina ya kuzimulia rangi imenipanda kichwani. Kila Jumamosi yenye ukungu alikuja, yule wa mle ndani, na kila Jumamosi nilifagia upande mwingine.

Fainali ikawa Mpakani na Ihanda. Lameck ndiye alikuwa nahodha wao sasa. Sitawachosha, Ihanda walifungwa tofauti ya pointi arobaini na moja. Kipenga cha mwisho kilipolia hakuna aliyeruka ndani ya uwanja. Watatu wale wakapeana mikono wao kwa wao, taratibu, kama wageni waliokutana mlangoni. Watu wakainuka wakaanza kuondoka na viti vyao. Mama Amani alibaki amekaa. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, akauliza, "Imeisha? Mbona sikusikia imeisha?"

Lameck akaja ubaoni. Nilikuwa na penseli tayari, na moyoni nilishaandika.

"Nani aliyewafunga?"

Akawageukia wale watatu, akanigeukia. "Mzee, sikuona mtu."

"Walikuwepo watatu pale."

"Niliona jezi." Mimi niliyemzoea Lameck nikajua si hasira, ni woga. "Nilikuwa namtafuta Amani nimzuie. Dakika zote arobaini namtafuta. Mtu aliyekuwa ndani ya jezi yake nilimgusa, nikamkaba, tukaanguka wote. Simjui. Siwezi kukutajia mtu nisiyemjua."

Akavua raba zake palepale, akaondoka miguu mitupu. Nikaandika MPAKANI, na pembeni nikaacha wazi.

Siku ya tatu Amani akaja, mchana, jua kali. Hakugombana na mimi. Laiti angegombana, ningekuwa na nguvu. Alikaa kwenye ngazi akasema, "Mzee, Jumapili namleta mama. Nimemwambia lipo." Basi. Akawa anatazama mikono yangu.

Vijana, hapa ndipo nilipokosea, na hili ndilo kosa langu kubwa, si lile la kamba ya katani. Nilimwonea huruma. Nilimpenda, pia, kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani aliyemwona akikua. Nikafungua kopo. Nikaipitia MPAKANI mara ya tatu, na kwa burashi ileile, kopo lilelile, saa ileile, nikaandika AMANI.

Asubuhi yake MPAKANI ilikuwa kavu, unaweza kuigonga kwa ukucha. AMANI ilikuwa mbichi.

Nilisema ni baridi. Nikasubiri. Siku mbili, tatu. Nikawasha jiko la mkaa nikaliweka chini ya ubao, nikapulizia kwa kipande cha boksi kama nachoma mahindi. Mbichi. Nikalipangusa kwa petroli nikaandika upya, rangi nyembamba, mkono mmoja tu. Mbichi. Na jambo lililonitisha zaidi: vumbi halikushika. Vumbi la Tunduma mnalijua, linashika mpaka kwenye meno. Kwenye lile jina halikukaa hata chembe. Lilikuwa linang'aa, jekundu, kama limeandikwa dakika hiyo hiyo.

Jumapili wakaja. Nilitaka kumwambia Amani pembeni, lakini mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Akapapasa. Uso wake ulikuwa unacheka kabla hajaanza kusoma. Kisha ukaacha.

"Mbona bichi?" aliuliza. Akainua vidole, vyekundu hadi kiungo cha pili. "Amani, mbona jina lako bichi?"

"Limeandikwa juzi tu, mama."

"La nani hili la pembeni? Hili kavu. Nalo si la juzi?"

Akajifuta kwenye kitenge chake, polepole, kidole kimoja kimoja. Alikuwa mama mstaarabu, hakutaka kumwaibisha mwanawe mbele yangu. "Si kitu," akasema. "Nitarudi likikauka." Kitenge kile alifua miezi, baadaye aliniambia, na doa halikutoka.

Tangu siku hiyo Amani akawa anakuja kulitazama. Anafika, anaweka kidole, anatazama kidole, anaondoka. Jumamosi moja alifika mapema mno, ukungu bado haujainuka, tukawa wote wawili mbele ya ubao. Nikatamani aondoke haraka. Lakini ikaanza.

Du, du, du. Kimya. Chwaa.

Niliona shingo yake ikikakamaa. Mtu huutambua mdundo wake mwenyewe hata kama hajawahi kuusikia kwa mbali.

"Mzee, nani yule?"

"Nenda kamwangalie," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka kuubeba peke yangu.

Akaingia kwenye ukungu. Sauti haikukatika, nilidhani itakatika. Ikaendelea, na yeye yuko mlemle, na mimi huku nimeshika nguzo ya stoo. Alikaa muda ambao ningeweza kufagia uwanja mzima. Alipotoka midomo ilikuwa imemkauka.

"Umemwona?"

"Sikumwona. Nilisimama chini ya ringi, nikasikia mpira unapita. Hakukosa hata mmoja, mzee. Mimi siku hizi nakosa."

Msimu uliofuata alirudi Ihanda. Watu wakamcheka, mnajua mji huu. Wakasema bosi kamfukuza, wakasema goti. Lameck alimpokea kwa maneno manne, niliyasikia kwa masikio yangu: "Umechelewa mazoezi. Vaa raba." Na ile sauti ya ukungu sikuisikia tena. Jumamosi ya kwanza nilipodhani nimeisikia nikaenda mbio na ufagio mkononi, nikamkuta Amani mwenyewe, wa nyama na mifupa, anatweta, mpira umemtoroka hadi kwenye mfereji. Amekosa.

Wakafika fainali, wao na Mpakani. Masanja na Chanda bado wapo. Siku ile, vijana, uwanja ulirudisha kelele zake zote. Muuza karanga alimtukana mwamuzi mpaka akatolewa nje, akarudi kwa kupitia kwa jirani. Zimebaki sekunde mbili, Ihanda wako nyuma pointi moja, Amani anapewa mitupo huru miwili. Du, du, du. Kimya. Akakosa. Du, du, du. Kimya. Mpira ukazunguka ringi, ukachungulia ndani, ukatoka. Masanja akaruka juu ya vichwa vyote akaushika.

Wamefungwa. Mara ya tano kwa Amani na Ihanda yake, na nahodha ni yeye tena, Lameck alimrudishia. Akaja ubaoni anachechemea.

"Nani aliyewafunga?"

"Masanja!" Alilitaja kwa sauti ambayo Masanja aliisikia toka upande wa pili akageuka. Amani alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na Lameck amemshika bega. Kisha akaniinamia. "Na lile langu lifute, mzee. Leo."

Nilichukua kitambaa kipya cheupe nikakichovya mafuta ya taa. Mkono mmoja tu, likatoka lote. Nikakitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe. Nikapiga msasa mpaka mbao ikawa laini kama meza ya kulia. Sehemu ile ikawa wazi tena, kama Lameck alivyoiacha.

Mama Amani alikuja wiki iliyofuata, na safari hii hakuwa anaona kabisa. Amani alikuwa hajamwambia. Niliwaona wakishuka bajaji, na Amani akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, wanaume wawili waoga.

"Nimesikia mmefungwa kwa pointi moja," mama alisema kwa utani. "Nimesikia kelele mpaka Ihanda. Haya, mzee, nipeleke."

Nikamshika mkono. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimepanga kuuweka mkono ule juu ya jina la Masanja, au jina lolote kavu, na kutumaini. Lakini hakunisubiri. Akauchomoa, akapapasa MPAKANI ya msimu uliopita, akaivuka, akafika mahali penye mbao tupu. Amani alifumba macho.

Kidole kikaanza kutembea. Kikapanda, kikashuka. Kikasimama, kikapanda.

"A," akasoma. "Ma." Akarudia hapo, akahakikisha. "Ni."

Akainua vidole akatuonyesha, sisi wenye macho. Vilikuwa safi.

"Limekauka," akasema.

Alipoondoka nilienda pale nikafumba macho nikapitisha kidole changu. Mbao laini tu. Nikajaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Laini. Nikasema basi, huyu mama alimhurumia mwanawe, akasoma kwa moyo. Nikaishi na jibu hilo miaka mingi, na mama wa watu tumeshamzika.

Wewe kijana uliyenirithi funguo za stoo, najua umeombwa uijaze ile nafasi iliyo wazi. Usiijaze. Na ninyi mnaotaka kukusanyana, kusanyaneni, sijawakataza. Mtashinda, na kamati itawapigia makofi. Ila mjue atakayeulizwa pale ubaoni si ninyi.

Mwaka wangu wa mwisho, kabla sijakabidhi, nilipiga ubao mzima vanishi, burashi pana, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye majina burashi inaruka, kila herufi inairusha, mkono wangu umezoea. Nikaivuka MPAKANI ile, nikafika penye wazi, nikalegeza mkono ipite moja kwa moja. Burashi ikaruka mara tano.